Chupa Ndani ya Mlango wa Impala

Kibao alichopigwa Yogesh asubuhi ile kilisikika mpaka jikoni. Kalpana alikuwa anakanda unga wa chapati. Mikono yake ikasita ndani ya beseni, akangoja cha pili. Hakikukawia.

“Rudia!” baba yake alikuwa anafoka huko nje. “Rudia ulivyoliita gari langu!”

“Skrepa!” Yogesh alijibu. “Skrepa, skrepa! Nipige mpaka mkono uchoke, Baba, litabaki skrepa!”

Kalpana akafuta mikono kwenye kanga ya marehemu mama yao, iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mlango tangu walipohamia nyumba ile, akatoka mbio.

Gari lilikuwa mahali pake pa siku zote, mbele ya nyumba. Lilikuwa Chevrolet Impala la mwaka sitini na tano, la kijani cha ndimu mbichi, lenye paa jeupe na taa sita za mviringo nyuma. Kiwanja cha mbele hakikulitosha. Pua ilikaribia kugusa dirisha la sebule, na matako yalitokeza nje ya geti yakakalia njia ya miguu, hata jirani yao mzee, Bi Priscilla, akitoka dukani ilimbidi ashukie barabarani na kikapu chake cha magurudumu huku analaani. Katika mtaa ule wa Queensbury, wenye magari madogo madogo, lilionekana kama fahali aliyefungwa kwenye banda la kuku.

Mwenye fahali alikuwa amemkaba mwanawe kola. Kailash alikuwa mtu mfupi, mwembamba, ambaye bila kukalia mto hakuona mbele akiwa kwenye usukani. Kule Jinja alikuwa na malori ya kubeba pamba. Hapa London alisimama kutwa kwenye mashine ya kufunga biskuti, na kofia ya karatasi kichwani. Yogesh alikuwa amemzidi kimo na kifua, na kwa muda alijiachia apigwe, mikono chini. Kisha uvumilivu ukamwisha. Akamsukuma.

Hakumsukuma kwa nguvu sana, lakini mzee alirudi nyuma, akajikwaa, akaangukia mdomo kwenye bampa. Aliponyanyuka mdomo ulikuwa umepasuka. Kalpana akaona jambo ambalo hakulisahau: baba yake alifuta kwanza damu iliyokuwa kwenye bampa, kwa mkono wa shati, akaisugua mpaka chuma kikang'aa. Ndipo akajifuta mdomo.

“Wamarekani wenyewe wameacha kuyatengeneza ya urefu huu,” Yogesh alisema, anahema. “Mafuta yamepanda, wameyafupisha. Hakuna anayeyataka. Jumapili pale uwanjani vijana wanayagonganisha mpaka yafe, na watu wanakata tiketi kuangalia. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwa gari kama hili.”

“Basi umeyasema yote mwenyewe,” Kailash alimjibu, damu inamchuruzika kidevuni. “Hayatengenezwi tena. Yaliyopo yanagonganishwa. Kila mtu anasema skrepa, kama wewe. Baada ya miaka ishirini yatabaki mangapi? Na lile litakalokuwa zima, halijafunguliwa hata skrubu moja, litatafutwa na nani? Na wajukuu wa hao hao wanaokata tiketi!”

“Yalitengenezwa mamilioni, Baba. Kitu cha mamilioni hakigeuki johari.”

“Hata sisi Jinja tulikuwa wengi,” Kailash akasema. “Hebu nenda katuhesabu leo.”

Neno hilo likamtia Yogesh hasira mpya. Akaupiga teke mlango wa mbele wa kushoto. Ndani ya mlango kitu kikagonga, kong! kisha kikabingirika taratibu kikatulia. Yogesh aliutazama mlango, akamtazama baba yake, akatoka getini bila kugeuka nyuma.

Kitu kile Kalpana alikijua. Kiangazi kilichopita baba yake alikuwa amempeleka kwenye maonyesho ya klabu ya wenye magari ya Kimarekani, kwenye uwanja wa nyasi nje kidogo ya Harrow. Mzungu mmoja mnene, mikono yote imechorwa chale za wino, alikuja kulikagua Impala. Alipoufunga mlango wa kushoto akasikia ile kong. Akaufungua, akaufunga tena. Akainama, akaweka sikio, akacheka mpaka akakohoa.

Chupa ya soda, alisema. Kiwandani zamani ulikuwa ndio utani wao. Mtu akishamaliza soda yake anaitumbukiza chupa ndani ya mlango kabla haujafunikwa, ili mwenye gari ahangaike na mlio maisha yake yote.

“Lakini usiitoe, bwana,” alimwambia Kailash, na sasa alikuwa hacheki. “Maana yake mlango huu haujawahi kufunguliwa tangu kiwandani. Siku magari haya yatakapotafutwa, kila mtu ataapa kwamba lake halijaguswa. Wewe hutaapa. Utautikisa mlango tu.”

Njiani kurudi nyumbani Kailash aliendesha polepole kama mtu aliyebeba mayai. “Gari hili ni lako, Kalpana,” alisema. “Yogesh ana misuli, ataishi popote. Wewe sikukusomesha, na mama yako hayupo. Nitakuachia hili, zima, na chupa yake. Usimwambie kaka yako. Yule ni mtu wa bisibisi, ataitoa siku hiyo hiyo.”

Kalpana hakuwa msichana wa maneno mengi. Aliweka kiganja chake juu ya mlango, pale chupa ilipolala, akakiacha hapo mpaka wakafika. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitu fulani ni chake.

*

Mchana wa siku ile ya vibao alikuja Anko Chaman kula, kama kila Jumapili. Hakuwa ndugu yao wa damu. Jinja walipakana ukuta, na sasa alikuwa na kibanda cha vitambaa kwenye soko refu la Walthamstow. Taya lake la kushoto lilikuwa limekaa upande, kwa hiyo alitafuna kwa upande mmoja na kucheka kwa nusu ya mdomo. Mwaka ule Wahindi walipofukuzwa Uganda, yeye na mkewe walikuwa wanaelekea uwanja wa ndege Entebbe, dhahabu yote ya mke imeshindiliwa ndani ya mlango wa Peugeot yao. Kwenye kizuizi askari akautikisa mlango. Dhahabu ikalia. Wakaupasua mlango kwa shoka kama wanafungua kopo la samli, na Chaman aliponyoosha mkono kuuzuia wakamvunja taya kwa kitako cha bunduki. Mkewe aliingia London hana hata kipini puani, na hakumaliza mwaka.

“Nani kakupasua mdomo, Kailashbhai?” aliuliza, anakunja chapati.

“Gari.”

“Hilo hilo linaloimba?” Chaman akacheka nusu. “Maana nimesikia mlango wako unaimba. Yogesh ameniambia, na hapo nje nimeutikisa mwenyewe.”

Kailash akaacha kula. “Ni chupa ya soda. Iliingia kiwandani.”

“Chupa.” Chaman aliigeuza geuza habari ile mdomoni pamoja na tonge. “Mimi niliwaambia wale askari ni spana.”

Yogesh, aliyekuwa amekaa pembeni na sahani magotini, akainua kichwa.

“Fungua basi tuone hiyo chupa,” Chaman akasema.

“Sifungui.”

“Aa! Hata mimi nilisema hivyo hivyo.”

“Chaman, gari hili halikukanyaga Uganda baada ya ile amri. Lilikuwa Nairobi kwa shemeji yangu, gia zinatengenezwa. Ndiyo maana likapona. Ni yeye aliyelipakia meli pale Mombasa.”

“Kila mtu ana hadithi yake ya mpakani,” Chaman alisema kwa upole. “Lakini niambie. Shemeji angeweza kupakia friji. Angeweza kupakia cherehani, vyombo, vitanda. Mtu mwenye akili timamu anaacha vyote hivyo anapakia gari linalokunywa mafuta kama bomba la zimamoto? Kwa sababu analipenda?”

“Kwa sababu nalipenda,” Kailash akasema.

Chaman akacheka, safari hii kwa sauti. Yogesh hakucheka. Alikuwa anaitazama kanga nyuma ya mlango. Mama yao alikufa majira ya baridi ya pili, katika nyumba hii hii, kifua kimembana, mafuta ya hita yameisha na mto wa gari ndio uliokuwa umemwinua kichwa. Kalpana aliyaona macho ya kaka yake yanakwenda kwenye kanga na kurudi kwa baba, yanakwenda na kurudi, akajua ni hesabu gani inapigwa.

*

Januari ilishuka theluji, na manispaa wakamwaga chumvi barabarani. Kailash hakulitoa Impala hata mara moja. “Chumvi ni ukoma wa chuma,” alisema, akawa analiwasha tu kila Jumamosi pale pale lilipo, analisikiliza linanguruma, analizima. Jumapili moja kulikuwa na harusi Harrow, yeye na Yogesh wakaenda kwa treni. Kalpana alibaki, ana homa.

Alikuwa amejifunika blanketi sebuleni aliposikia gari linarudi kinyumenyume. Akachungulia. Ilikuwa Cortina ya Chaman. Aliisimamisha ikikatiza mtaa, buti lake likitazamana na buti la Impala, hatua moja tu katikati. Wakashuka Chaman na Yogesh, wote na suti zao za harusi. Chaman alishika mtaimbo. Yogesh alishika patasi na nyundo.

Kalpana alitoka na soksi miguuni. Aliwahi kufika kwenye mlango wa kushoto, akaupa mgongo, akaunyooshea mikono pande zote mbili.

“Ondoka hapo, Kalpana,” Yogesh akasema.

“Ni chupa. Naapa kwa Mama, ni chupa. Yule Mzungu wa klabu aliisikia. Mkiufungua mlango mmelimaliza gari, halitakuwa na thamani tena.”

“Sasa na wewe unajua thamani za gari? Thamani ipo ndani! Mama alikufa kwa baridi, Kalpana. Pale, kwenye kochi lile. Na yeye kakalia dhahabu!”

“Hakuna dhahabu.”

“Basi hatutaharibu kitu. Ondoka.”

“Siondoki.”

Yogesh alimshika mkono kumvuta. Kalpana akamng'ata, akamng'ata kwelikweli, mpaka akaonja chumvi ya damu. Yogesh akapiga ukelele, akamkamata msuko wa nywele, akamburura juu ya zege na kumtupa kwenye maua yaliyokauka ya Bi Priscilla. Kalpana alipoinuka mtaimbo ulikuwa tayari umeingia kwenye ukingo wa mlango.

“Toka!” Chaman alikuwa anafoka, ghafla kwa Kiswahili badala ya lugha ya nyumbani. “Fungua! Wapi dhahabu? Toka!”

Hakuwa anamfokea mtu. Yogesh alikuwa nyuma yake, Kalpana bado yuko kwenye maua. Lakini Kalpana aliijua sauti ile. Alikuwa mtoto kwenye basi la kwenda Entebbe, amefichwa miguuni kwa mama yake, na sauti ile ile ilikuwa inapita kutoka kiti hadi kiti, kwa Kiswahili kile kile cha maneno mawili matatu. Toka. Fungua. Wapi dhahabu. Na sasa Anko Chaman, mwenye suti ya kijivu na ua la harusi kifuani, jicho limemtoka, taya limezidi kwenda upande, alikuwa anafanya kizuizi katikati ya Queensbury.

Rangi ya kijani ikapasuka ikaruka vipande vipande. Mlango ukapiga yowe la bati. Yogesh akaingiza patasi, akapiga nyundo, akapiga tena. Kifuniko cha ndani kikachanika, kitambaa na misumari ikamwagika. Chaman akaingiza mkono mpaka begani, kama anayemzalisha ng'ombe, akapapasa, akapapasa, uso wake ukawaka.

“Ninayo,” akanong'ona. “Ninayo, mwanangu.”

Akaitoa. Chupa ya soda, ya kioo kizito, imefifia kwa vumbi. Ndani ilikuwa na buibui mkavu.

Yogesh alikaa chini kwenye zege na suti yake, akaishika nyundo kwa mikono miwili kama mtu asiyejua ilivyofika pale.

“Ni ya kudanganyia,” Chaman akasema hatimaye. “Ameiweka makusudi. Yenyewe iko kwenye milango mingine.” Akaitupa chupa chini. Haikuvunjika, ilibingirika ikasimama nyuma ya gurudumu la mbele.

Sauti ya Kailash ndiyo iliyofuata, kutoka getini. Alikuwa amewakosa wote wawili kwenye meza ya chakula, akaacha sahani, akakimbilia treni. Alisimama pale na kofia yake ya harusi, anautazama mlango uliokunjwa kama ukurasa.

“Umefanya nini,” akasema. Wala hakuwa anauliza.

Kisha akamrukia Chaman. Alikuwa mwepesi, na alimpata shingoni kwa mikono yote miwili, wakaangukia boneti, wakateleza wakaanguka chini. Lakini Chaman alikuwa bado na mtaimbo. Alijinasua, akapiga. Pigo la kwanza lilivunja mtulinga. Kalpana aliusikia, kama kuni kavu. La pili lilimkuta Kailash ameinua mikono, likapita chini yake likaingia mbavuni. La tatu, la nne.

“Wapi dhahabu? Sema! Wapi?”

“Anko, basi!” Yogesh alikuwa amemshika kiuno. “Basi, hakuna! Hakuna kitu!” Chaman akageuka akampiga yeye, kwenye kifundo cha mkono, na mkono ukaning'inia. Hata hivyo Yogesh hakukimbia. Alimshika baba yake kwa mkono uliobaki, ukosini, akamburura mpaka kwenye ngazi ya mlango wa nyumba, akamlalia juu kumkinga.

Chaman akawatazama, kifua kinapanda na kushuka. “Kaeni hapo,” akasema. “Nikiona hakuna kitu milango yote minne, nitawapasua nyinyi.” Akautupa mtaimbo, akaenda nyuma kwenye buti la Cortina. Kalpana alimwona anainama. Alimwona anatoa shoka.

Ufunguo wa Impala ulikaa kwenye msumari chini ya picha za miungu, pale ukumbini. Kalpana aliwaruka baba na kaka yake ngazini, akauchukua, akatoka nao. Hakuukalia mto. Aliteleza nyuma ya usukani, mlango wa kushoto upo wazi unaning'inia, na kwenye kioo akamwona Chaman kati ya magari mawili, amewapa mgongo, anajaribu makali ya shoka kwa kidole gumba.

Kwa kitambo kidogo mkono wake ulisita kwenye ufunguo. Gari lilikuwa lake. Milango mitatu ilikuwa bado mizima. Taa sita za nyuma zilikuwa zinang'aa, hakuna hata moja iliyowahi kupata ufa. Na chupa ilikuwa haijavunjika. Ingeweza kurudishwa, labda kuna fundi, labda.

Chaman akageuka na shoka.

Kalpana akawasha. Lilikubali mara moja, kama lilikuwa linangoja. Akauvuta mkono wa gia ulio kwenye usukani mpaka rivasi, akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Chini ya gurudumu la mbele kitu kikapasuka, pwa! Mlango uliokuwa wazi ukagonga nguzo ya geti ukang'oka wote. Impala lilirudi nyuma na uzito wake wote wa Jinja na Mombasa na bahari nzima, likamchukua Chaman miguuni, likamgandamiza kwenye Cortina, na halikusimama. Kioo cha nyuma kilijaa mdomo wa Chaman uliofunguka upande mmoja. Cortina ikajikunja, ikasukumwa kando, ikapanda ukingo wa barabara ng'ambo ikakumbatia nguzo ya taa. Chaman aliachiwa njiani, shoka limelala mbali naye, mguu wake mmoja umeelekea kusikoelekea miguu.

Hapo ndipo Kalpana alipokanyaga breki. Alikaa, mikono kwenye usukani, injini inanguruma taratibu. Bi Priscilla alikuwa dirishani na simu sikioni.

*

Polisi walipouliza, Chaman, amelazwa kwenye machela, alisema ilikuwa ajali. Msichana alikuwa analipasha moto gari la baba yake, mguu ukateleza. Kailash, damu puani, alisema ndiyo, mguu uliteleza, na yeye alianguka ngazini kwa mshtuko. Yogesh alisema naye alianguka. Polisi wakaandika, wakatazamana. Wale watu hawakuwa na desturi ya kushtakiana mbele ya askari, wa nchi yoyote.

Hospitali hakukuwa na nafasi, wakawaweka wazee wote wawili wadi moja, vitanda vinatazamana. Mguu wa Chaman ulikuwa umeninginizwa juu kwa kamba. Kalpana alikuja na chapati, akakaa upande wa baba yake. Hakumtazama Anko Chaman.

“Kailashbhai,” Chaman akaita.

“Nini.”

“Kweli ilikuwa chupa.”

“Nilikwambia.”

“Ungenifungulia tu. Dakika moja. Tungerudi harusini tukala.”

“Ungeniamini tu. Ungekuwa na miguu miwili mizima.”

Chaman akageuzia uso ukutani. “Kwa sababu unalipenda,” aliuambia ukuta. “Nani angejua mtu anaweza kuokoa kitu kwa sababu anakipenda?” Mabega yake yakaanza kutikisika, na kamba ya mguu ikawa inalia, kwi, kwi, muda mrefu.

Kailash alingoja mpaka ikatulia. Kisha akamgeukia binti yake, taratibu, kwa sababu ya mbavu.

“Niambie gari.”

Kalpana alikuwa ameiogopa siku hii kuliko polisi. “Mlango wa kushoto umeng'oka. Bampa la nyuma limepinda upande mmoja. Taa mbili zimevunjika.”

“Na Cortina?”

“Cortina haipo tena, Baba.”

Kailash akaitikia kwa kichwa. “Na chupa?”

Kalpana akatazama mikono yake. “Nimeikanyaga. Nilipokuwa narudi nyuma. Nilijua iko pale, Baba. Nilijua.”

Muuguzi alipita na kigari cha chai, akaondoka.

“Gurudumu lipi?” baba yake aliuliza.

“La mbele. La kushoto.”

“Limepata pancha?”

“Hapana.”

Kailash akafumba macho. Kitu fulani kikasogea usoni mwake, chini ya uvimbe, ambacho siku nyingine kingekuwa kicheko.

“Unaona gari lako lilivyo imara?” akasema. “Mwambie kaka yako asiutupe ule mlango.”